Vile ya kujua kama testi ya psikolojia inapima kweli, mbele ya kuitumia kwa watu wetu wa Bukavu

Hii naandikia zaidi wenzangu APS (wasaidizi wa watu ku mambo ya roho) wenye wanazunguka na fishi ku Kadutu, Bagira, Panzi mpaka Kabare na Walungu, na wadogo zangu wanafunzi wa psikolojia wenye wanapata kestionere (karatasi ya maswali) ku intaneti leo juu ya TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, na kesho yake iko kwa fotokopi tayari. Naelewa haraka yenu, proje inaomba data mbele ya mwisho wa mwezi, mwalimu anaomba sura ya tatu. Lakini nyuma ya kila fishi kuko mtu. Kuko mama mwenye ataambiwa ako na depresioni na kumbe hana, kuko kijana mwenye watamukatalia kazi juu ya alama mbili, na kuko mwingine, na huyu njo ananiumiza zaidi, mwenye alihitaji munganga kabisa lakini skoro, yaani jumla ya alama zake, ilikuwa chini, tukamuacha arudi nyumbani.

Watu wananiuliza mingi "hii testi ni ya kweli?" Swali haijakamilika. Hakuna testi ya kweli kwa watu wote na kwa kila kazi. Kuko testi yenye inapima muzuri kitu fulani, kwa watu fulani, ikiulizwa kwa namna fulani, juu ya kuamua jambo fulani. Ukibadilisha kimoja kati ya hivi, uhakika wa zamani hauhami nayo, inabidi utafute uhakika upya.

Kwa hiyo anzia hapa: chukua karatasi tupu uandike sentensi moja tu, "nikisha kupata skoro nitafanya nini nayo". Kuchuja nani aende kwa munganga ni kazi moja. Kuangalia kama wamama wenye tulisaidia wamepata nafuu ni kazi ingine. Kuchagua mtu wa kazi ao kumupanga mtoto ku darasa, ni zingine tena. Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao ku Paris mwaka 1905, walitaka kutambua watoto wenye wanahitaji kusaidiwa zaidi ku masomo, basi. Binet mwenyewe hakukubali watu waseme ile skoro ni kiasi cha akili chenye mtu amezaliwa nacho na hakitabadilika. Na kumbe 1917 Marekani wameshaanza kupima wanajeshi, karibu watu milioni 1,7 walipitishwa ku vipimo vya jeshi, na kisha watu wakatumia zile alama kusema taifa fulani lina akili kupita lingine. Wazo lilihama kazi, na uhakika wake ulibaki Paris. Kama sentensi yako haiandikiki, kama hujui utafanya nini na skoro, usiende kuuliza watu maumivu yao.

Kwanza angalia kama kipimo kinasimama fasi moja

Hii njo ku masomo tunaita fidelite. Ukimupima mtu leo na kisha wiki mbili, na maisha yake haijabadilika, skoro inafaa irudi karibu fasi ileile. Enketere (wenye kuuliza maswali) wawili wakimusikiliza mama mmoja, kila mtu na fishi yake, wanafaa kuandika karibu kitu kimoja. Na maswali yenyewe, kama yote yanasema yanapima huzuni, yanafaa kwenda pamoja, mtu mwenye anapanda ku moja anapanda ku zingine. Juu ya ile ya mwisho watu wanatumia alfa ya Cronbach, tangu 1951, namba yenye mara mingi inaanguka kati ya 0 na 1. Kwa utafiti wa kundi wengi wanakubali kuanzia 0,70. Kwa kuamua juu ya maisha ya mtu mmoja, 0,70 ni kidogo sana, tafuta 0,90.

Wanafunzi, angalieni hapa. Alfa inapanda hata kwa ujanja. Ukiuliza "unajisikia na huzuni?", "roho yako ina huzuni?", "siku hizi uko mwenye huzuni?", alfa itakuwa nzuri sana na hujajifunza kitu kipya, umeuliza swali moja mara tatu. Nikiona 0,96 kwa kestionere ya maswali mingi yenye kufanana mi sifurahi, naenda kusoma maswali moja moja.

Na hata testi yenye kusimama muzuri iko na makosa yake, kila skoro inatembea na nafasi fulani juu na chini. Tuseme testi ya akili yenye wastani 100, mtawanyiko (écart-type) 15, fidelite 0,90, yaani testi nzuri. Chukua 15, zidisha na kipeuo cha pili (racine carrée) cha 0,10, unapata karibu 4,7. Ukitaka kuwa na uhakika wa 95%, mara mbili hivi, ni karibu 9. Kwa hiyo mtoto mwenye amepata 100, skoro yake ya kweli inaweza kuwa fasi yoyote kati ya 91 na 109. Sasa wewe unaandika ku ripoti kwamba huyu wa 103 ana akili kupita huyu wa 97 na unamupa mmoja tu nafasi? Hapana. Andika ile nafasi pembeni ya skoro, kila mara, hata kama mukubwa wa shule anataka namba moja safi.

Kisha uliza kama kinapima kile chenye kinasema

Mama muuzaji wa soko ya Kadutu anaweza kuwa na kopo ya Guigoz (maziwa ya watoto), ile ya kupimia, yenye kitako kimesukumwa ndani: kila siku inatoa kiasi kilekile cha maharagi, haibadiliki hata kidogo, na kila siku inapunja. Fidelite iko, validite (kupima kweli kile chenye kinasema) haiko. Na kwa psikolojia ile kitako haionekani kwa macho, inabidi uitafute.

Usiitafute kwa kuuliza watu kama wamependa majibu. Bertram Forer alionyesha hii mwaka 1948: alipatia wanafunzi wake testi, kisha akarudishia kila mmoja maelezo ya tabia yake, wakaambiwa wapime vile maelezo yanamugusa mtu, 0 mpaka 5. Wastani ulikuwa 4,26. Na wote 39 walikuwa wamepokea karatasi moja, maneno mamoja, mengi yametoka ku kitabu cha nyota. Njo maana zile testi za "wewe ni mtu wa aina gani" zenye zinazunguka ku telefone, kila mtu anasema "waah, ni mimi kabisa". Kusema "ni mimi kabisa" haina uzito wowote hapa.

Itafute ku maswali yenyewe, kwa watu wenyewe. Angalia hii, ni kitu chenye kinapita kila siku. Enketere amekaa na mama, swali ya kukosa hamu ya kula:

— Mama, kwa hizi wiki mbili, ulikosa hamu ya kula siku ngapi?
— Mwanangu, hamu iko. Chakula njo haiko.
— Ni siku ngapi hivi hukukula muzuri?
— Ah, karibu zote.

Na enketere anaandika 3, "karibu kila siku". Ile 3 imeingia ku jumla ya depresioni, na kumbe imepima sufuria. Usingizi ni vilevile: mama mwenye nyumba inavuja, mvua ya Bukavu unaijua, ao masasi ililia usiku, halali. Maswali ya troma (vidonda vya roho) ni mabaya zaidi hapa. Yanauliza kama mtu anakaa macho macho, kama anashituka, na mtu wa kijiji chenye wapiganaji wamepita juzi anafanya vizuri kukaa macho, ile ni akili yake inamulinda. Sisemi tufute maswali. Nasema ongeza swali ya pili, yenye imeandikwa ku fishi na kila enketere anaisoma namna moja: "chakula ikiwa mbele yako, unapenda kukula?" "Usiku wenye kuko kimya na hakuna mvua, unalala?" Iandikwe, juu kama kila mtu anatunga yake ku kiwanja, umeshapoteza fidelite yenye tulitafuta hapo juu.

Mbele ya kuanza kazi kubwa, kaa na watu kumi ao kumi na tano wenye kufanana na wale utapima, wamama wa soko kama utapima wamama wa soko, usichukue wanafunzi wenzako. Soma kila swali, halafu omba: "niambie kwa maneno yako hii swali inaomba nini", na "umefikiria nini mbele ya kujibu". Andika vile wanasema, bila kurekebisha. Hii kazi ni ya siku chache na inaokoa mingi kupita formula zote. Na angalia pia ku vipimo vya majibu, juu tofauti ya "mara zingine" na "mara mingi" haishikiki kwa kila mtu. Picha ya glasi ine, moja tupu, zingine zinaenda zikijaa, mama anaonyesha kwa kidole.

Hapo kando yetu, Rwanda, watafiti walianza na kuuliza raia wenyewe matatizo gani yalibaki kisha mauaji ya 1994, bila kuwatajia neno lolote la munganga. Watu wakataja agahinda gakabije, huzuni yenye kupita kipimo, na dalili zake zingine hazikuwa ku kestionere ya kizungu. Mtafiti Bolton alitoa ile kazi mwaka 2001 na kisha kipimo kikarekebishwa kikaongezewa. Mu Kivu yetu pia ilifanyika. Utafiti wenye ulitoka ku New England Journal of Medicine mwaka 2013, juu ya wamama wenye walitendewa ubakaji, ulitumia Hopkins (kestionere ya depresioni na wasiwasi) na kestionere ya troma ya Harvard, na miezi sita kisha matibabu ya kundi kuisha, 9% tu walikuwa bado na dalili nyingi za depresioni ao wasiwasi, kufananisha na 42% ku vijiji vyenye vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Ile tofauti tunaweza kuiamini sababu wote walipimwa namna moja, mbele na nyuma.

Juu ya kutafsiri nitasema kidogo tu: mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili ya hapa ao Mashi, mwingine mwenye hajaona karatasi ya kwanza airudishe ku Kifaransa, munaweka mbili pembeni munaangalia fasi zinaachana. Ile njia Brislin aliieleza 1970. Inakamata makosa ya maneno. Ile ya sufuria haitaikamata, tafsiri yake ilikuwa safi kabisa, kwa hiyo usiache wale watu kumi.

Mpaka wa skoro, hapa njo tunaumiza watu

Tuchukue PHQ-9, kestionere ya depresioni, juu iko bure na kila mtu ako nayo ku telefone. Maswali 9, kila jibu 0 mpaka 3, jumla 27, inaulizia wiki mbili zenye zimepita. Kroenke, Spitzer na Williams walipoitoa mwaka 2001 walikuwa wamepima wagonjwa karibu 6000 ku kliniki za Marekani, na 580 kati yao wakahojiwa pembeni na mtaalamu. Wakifunga mpaka ku 10, ilikamata 88% ya wenye depresioni kubwa, na ikaacha salama 88% ya wasio nayo. Ni namba nzuri, siyapingi.

Sasa piga hesabu na mimi. Unapita nyumba kwa nyumba, watu 1000, tuseme 100 kati yao wako na depresioni kweli. Testi inakamata 88. Wale 900 wazima, inakosea 12% yao, ni watu 108. Umeandika majina 196, na wenye nayo kweli ni 88, haifike hata nusu. Wengine 12 wenye nayo wamepita ku mkono. Halafu chukua testi ileile, peleka ku konsultasio fasi watu wanakuja wenyewe juu ya roho kuchoka, tuseme 500 kwa 1000 wako nayo: inakamata 440, inakosea 60, na sasa 88 kwa kila 100 wenye umeandika wako nayo kweli. Testi haijabadilika hata koma moja. Kilichobadilika ni watu wenye wamesimama mbele yake. Meehl na Rosen waliandika hii tangu 1955 na mpaka leo ripoti zinatoka zinasema "asilimia fulani ya wakaaji wana depresioni" kwa kuhesabu skoro tu.

Basi skoro juu ya mpaka isomeke hivi: "huyu aongee na mtu mwenye kujua". Usiandike "huyu ni mgonjwa". Na ule mpaka wenyewe uwe wa hapa. Hopkins yenye maswali 25, majibu 1 mpaka 4, watu wanatumia mpaka wa wastani 1,75 popote duniani sawa vile ni sheria, na haikutoka ku Kadutu. Kama uko na njia, fanya hivi: chukua watu, tuseme mia moja, wengine skoro juu, wengine chini, ni lazima wa chini pia, na uombe munganga ao psikolojisti mwenye uzoefu, wa SOSAME ao wa hospitali ingine yenye inatunza roho za watu, aongee na kila mmoja bila kuona skoro. Bila kuona kabisa, juu akisha kuona 18 ku fishi ataanza kuona depresioni. Kisha munapanga: mpaka gani unakamata wengi bila kukosea wengi. Ukikosa munganga, andika wazi kwamba mpaka ni wa kuazima, na usitoe asilimia ya "wagonjwa".

Vile unauliza ni sehemu ya kipimo

Ku Kivu watu wamezoea: enketere akija na fishi, nyuma yake kunaweza kuja kit, unga, ao feza ya kuanzisha biashara. Mtu akifikiri mwenye kuumia zaidi njo ataandikwa, skoro zinapanda. Mtu akifikiri jirani atasikia, ao bwana yake atajua, zinashuka. Yote mbili ni watu wenye akili wanajibu hali yao, usiwaite waongo. Testi kubwa sawa MMPI (ya kupima tabia ya mtu), tangu 1943, ziliwekwa maswali ya kukamata mwenye anajipamba ao anazidisha. Fishi zetu fupi hazina. Kwa hiyo rekebisha wewe mwenyewe: siku ya kupima isiwe siku ya kugawa, mwenye kugawa asiwe mwenye kuuliza, na useme tangu mwanzo kwamba jibu lolote halitaongeza wala kupunguza msaada, na iwe kweli. Kaeni fasi yenye hakuna mtu anasikia. Mwanamke aulize mwanamke kama habari ni ya mwili.

Kwa testi za kazi na za shule kuko kitu kingine, mazoea. Mwaka 1956 mtafiti Ombredane na wenzake walitoa matokeo ya kurudilia testi ya matriks ya rangi (picha zenye kukosa kipande, unatafuta chenye kinaingia) kwa Wakongo, mara ya kwanza, tena, na tena, na alama zikapanda. Akili yao haikukomaa kwa kurudilia, walizoea tu namna ya kucheza na zile picha. Kijana wa Bagira mwenye hajawahi kuona matriks anashindana na mwenye kaka yake alimuonyesha ku telefone jana usiku, na munawapanga kwa skoro moja. Toa mazoezi ya kutosha mbele, kwa wote, mpaka kila mtu aseme ameelewa, kisha tu anza kuhesabu.

Ukifika kuandika ripoti, taja jina la testi na lugha yenye uliulizia, nani alitafsiri, watu gani na fasi gani, alfa ya watu wako mwenyewe (usikopi ile ya Marekani), mpaka na fasi mpaka umetoka, na maswali gani uliongezea. Testi za kuuzwa sawa MMPI na WAIS (ya akili ya watu wazima) usizifotokopi, ziko na mwenyewe na zinahitaji mtu mwenye alisomea.

Kimoja cha mwisho, na hiki usikiache hata kama yote ingine imekushinda. Swali ya 9 ya PHQ-9 inauliza kama mtu amewaza ni heri afe ao ajiumize. Jibu lolote lenye kupita 0, hata kama jumla yake ni 4, haingojei hesabu. Funga fishi, muulize polepole, usimuache peke yake, na siku ileile aonane na munganga. Namba ya ule munganga iwe imeandikwa juu ya kila fishi mbele enketere atoke ku biro, na munganga awe amekubali kupigiwa. Kama bado hamujapata mtu wa kumupelekea, kazi ya wiki hii ni kumutafuta huyo, fotokopi zingoje.